Nyuma ya Kilima cha Matare

Tomaso Magoto alikuwa na sifa mbili, na alizitangaza mwenyewe ili asiwasumbue wengine. Ya kwanza, wakati wa vita alipeleka barua za jeshi kwa pikipiki kwenye misitu ya Burma, tope likifika kwenye tangi, na Mjapani hakumpata. Ya pili, tangu siku alipofundishwa kuipiga teke pikipiki ikawaka, hajawahi kuanguka. Watu wa Ikoma walizijua sifa hizo kama wanavyoijua Baba Yetu. Dada yake Bhoke, aliyemlea baada ya mama yao kufa, alisema hata mbuzi wake wangeweza kuimalizia ile habari ya Burma pale Tomaso anaponyamaza ili ameze ugali.

Vita vilipokwisha alipata kazi bomani Tarime, kazi ile ile ya barua. Pikipiki ilikuwa nyeusi, nzito, yenye keria ya chuma nyuma; ilikuwa ya serikali siku za kazi na ya Tomaso siku zote. Kila alipopata ruhusa alishuka nayo hadi Mto Mara, akavuka kwa kivuko, akapanda Ringwani akikimbizwa na mbwa wa kila kijiji, na alasiri yuko Ikoma, uso umejaa vumbi jekundu, meno tu ndiyo meupe. Bhoke alikuwa mjane asiye na mtoto. Alikaa kwenye mji wa baba yao, kwenye kipande cha ardhi kilichobanwa kati ya kijito na kilima cha Matare: nyumba mbili za nyasi, zizi, shamba la ulezi na mtama, na kaburi la baba yao kando ya lango la zizi. Tomaso alikula hapo, akalala hapo, akatukanwa hapo kwa mapenzi, kisha akarudi Tarime akiwa mtu mzima tena.

Mwaka wa hamsini na nane serikali ilianza kupima upya mbuga ya wanyama, ambayo watu walikwisha kuiita Shamba la Bibi. Njia ya zamani ya kwenda kuwinda na kuchota chumvi ikawekewa mti wa kuzuia. Kwenye mti ule alikaa askari aitwaye Athuman, mtu wa Tabora, mpole lakini mwenye kupenda kazi yake kupita kiasi. Bila kibali chenye mhuri hakupita mtu. Hata kikiwepo, Athuman alikisoma chote kwa sauti, akahesabu watu, akahesabu magurudumu, ndipo akaunyanyua mti.

Mpimaji aliletwa, Mzungu mrefu mwenye magoti mekundu. Kwa sababu watu wake walikuja na minyororo na kamba za kupimia, jina lake likawa Bwana Kamba kabla hajamaliza kushuka kwenye gari. Aliwaita watu barazani akauliza nchi ya Waikoma inaishia wapi, maana alitumwa auweke mpaka wa mbuga pale nchi ya watu inapokoma, asije akamega mashamba. Swali hilo liliwafurahisha. Aliyejibu alikuwa Nyamhanga, rika moja na Tomaso, mtu wa maneno machache ambaye miaka kumi iliyopita aliliongoza rika lao kuizunguka nchi. Alisema nchi inaishia pale miguu yao ilipopita.

Na kweli ilikuwa hivyo. Rika likipokea nchi, wanaume wake huizunguka yote kwa miguu, siku nane, wakifuata mpaka ambao baba zao waliufuata. Hakuna kukata kona. Hakuna kurudi nyuma pia. Mguu uliokwisha kupita haurudi, na aliyeangusha fimbo aliiacha hapo hapo, hata kama aliichonga wiki nzima. Wanavyoamini, nchi iliyozungukwa hivyo imefungwa vizuri kama mlango, ugonjwa na adui havipati pa kuingilia.

Bwana Kamba aliipenda habari hiyo, akaiandika. Lakini alisema hana siku nane. Ana siku mbili, na pikipiki mbili kwenye gari. Alitaka mtu mmoja aliyeutembea mpaka na anayejua kuendesha, amtangulie, na yeye kwenye kila kona atafunga kitambaa cheupe mtini. Wiki zitakazofuata watu wake watavifuata vitambaa na kupigilia vigingi. Watu wote wakageuka wamtazame Tomaso, aliyekuwa likizoni, na wakakuta amekwisha kusimama.

Alfajiri ya safari Bhoke alimpa maziwa ya mgando na kumshika mkono wa koti.

"Utapita nyuma ya Matare, si ndiyo?"

"Dada, nitapita nyuma ya Matare mpaka Matare yenyewe ione haya. Mji wa baba utakuwa ndani kabisa ya nchi."

"Usifanye mzaha. Mimi sijui ramani. Ninakujua wewe."

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri mno, na pengine hapo ndipo shida ilipoanzia. Athuman alisoma kibali, akahesabu watu wawili na magurudumu manne, akawafungulia. Walipita vichaka vya miiba vilivyowachana mikono, walivuka makorongo ya mchanga mkavu wakiwa wamesimama juu ya vikanyagio, waliwatimua nyumbu hata vumbi likafunga jua. Wakati wote nchi ilikuwa mkono wa kushoto na pori mkono wa kulia, kama siku zile walipotembea na Nyamhanga. Bwana Kamba alianguka mara tatu. Kila mara aliinuka akicheka, akafuta damu kwa soksi, akasema kwa Kiswahili chake, "Wewe kweli hapana anguka." Tomaso akamsimulia habari ya Burma. Walipopumzika akamsimulia tena, safari hii na Wajapani wengi zaidi.

Asubuhi ya pili walifika Matare. Mpaka wa miguu unapita nyuma ya kilima, kwenye mteremko wa mawe ya mviringo yaliyotapakaa kama maboga shambani, na chini yake korongo. Mtu anapita hapo akitazama anapokanyaga, basi. Tomaso aliingia kwa gia ya kwanza. Tairi la mbele likateleza kidogo, likarudi. Likateleza tena, na moyo wake nao ukateleza. Akasimama. Mbele yake aliona mawe yasiyopungua hatua mia mbili, na nyuma yake alisikia pikipiki ya Mzungu aliyeambiwa mara mbili kwamba mtu huyu haanguki.

Angeweza kushuka na kuisukuma. Mtu anayesukuma pikipiki naye ana namna yake ya kuanguka, na Tomaso aliijua. Basi akakata usukani kushoto, akateremka upande wa huku wa kilima, kwenye ukingo wa kijito ambako mchanga umelala sawa kama meza.

"Njia ni hii?" Bwana Kamba aliuliza.

"Ni hii."

Kitambaa cheupe kikafungwa kwenye mgunga wa kijitoni. Walipoondoka Tomaso aliuona moshi wa jiko la Bhoke ukipanda taratibu, mzuri, wa asubuhi. Ulikuwa mkono wa kulia.

Aliliona hilo. Katika miaka yote baadaye hakuweza kujidanganya kwamba hakuliona. Alijiambia atageuza kwenye kona ifuatayo, na kwenye kona ifuatayo akajiambia kwamba anayeizunguka nchi harudi nyuma. Ndivyo walivyofundishwa, si yeye aliyeitunga mila hiyo. Lilikuwa jambo la kweli na zito, na alilikamata kama mtu anayezama anavyokamata gogo. Wazee wangeshangaa kuona jinsi Tomaso, ambaye padri alimlalamikia kwa kukosa misa na wao walimlalamikia kwa kukosa matambiko, alivyoishika mila kwa uthabiti asubuhi ile.

Wiki iliyofuata likaitishwa baraza la mwisho, kabla ya vigingi kupigiliwa. Bwana Kamba alitaka mbele ya watu wote athibitishiwe kwamba alionyeshwa mpaka wenyewe. Wanaume walikaa mbele, wanawake nyuma, na Bhoke alikuwa miongoni mwao na kapu lake. Alikwisha kukiona kitambaa kule kijitoni, lakini alidhani ni alama ya njia ya kupitia tu, maana mpaka wenyewe ndugu yake alimwambia uko wapi.

Nyamhanga alisimama. Hakuwa na ugomvi. Alitaka tu kusikia. "Tomaso, pale Matare ulipita nyuma?"

Nafasi ilikuwa hiyo, imeletwa mpaka mkononi. Neno moja lingetosha, na Bwana Kamba, ambaye kusema haki alikuwa mtu wa kusikiliza, angefungua kitambaa na kukifunga pengine. Lakini kulisema neno lile kulitaka na lile la pili: kwa nini. Mbele ya watu mia na zaidi, waliokuwa wakiijua Burma kwa moyo.

"Nyamhanga," Tomaso alisema, "mimi nimepita hata pale kwenye jiwe ulipokaa kutoa mwiba ukalia kama bibi harusi."

Baraza zima likacheka. Nyamhanga mwenyewe alicheka, maana mwiba ule ulikuwa wa kweli na kulia alilia. Wanawake wakacheka, Bhoke akicheka kuliko wote huku akimpigia makofi ndugu yake. Karani wake alipomfasiria, Bwana Kamba naye akacheka, akafunga daftari. Tomaso alikaa chini, na mwenzake mmoja akampiga bega kwa furaha. Alisikia bega lile likiuma siku kadhaa.

Vigingi vilipigiliwa kuufuata mchanga wa kijito. Mvua za mwaka mpya zilipokwisha karatasi ililetwa: nyumba yoyote iliyo ng'ambo ya vigingi iko ndani ya mbuga, mwenyewe ahame kabla ya mavuno. Katika nchi yote ya Ikoma nyumba ya namna hiyo ilikuwa moja. Nyamhanga alikwenda kwa Bwana Kamba, akaambiwa kwa upole kwamba ramani imekwisha kwenda Dar es Salaam, na kwamba mtu wao wenyewe alithibitisha mbele yao wenyewe. Nyamhanga aliporudi hakumwandikia Tomaso barua wala hakumtukana. Aliacha tu kumtaja, na kwa watu wa rika moja hakuna adhabu inayozidi hiyo.

Bhoke ndiye aliyemwita. Ujumbe ulipitia kwa mfanyabiashara wa Tarime: aje na pikipiki, kuna mzigo.

Kwenye mti wa kuzuia, Tomaso alitoa kibali alichopewa bomani. Athuman alikisoma kwa sauti kama kawaida. Mtu mmoja, pikipiki moja, kuingia kabla ya adhuhuri, kutoka kabla ya jua kutua. Kisha akachukua kalamu kwa ajili ya daftari lake na kuuliza sababu ya safari.

"Kumtembelea dada yangu."

Athuman alipitisha kidole kwenye ukurasa wa kanuni, juu mpaka chini. Akakirudisha juu. Alionekana kuona aibu kwa niaba ya daftari. "Hiyo haimo, bwana. Kuna utafiti, kuna doria, kuna kuhamisha mali."

"Andika kuhamisha mali."

Akaandika. Miezi iliyopita Tomaso angekuwa na jambo la kusema hapo, la kumfanya Athuman acheke mpaka kofia imtoke. Alikunja kibali akapita, na Athuman akabaki akimtazama kana kwamba amempitisha mtu mwingine mwenye kibali cha Tomaso.

Mbuzi walikwisha kuhamishiwa kwa shemeji. Nguzo za nyumba zilikwisha kung'olewa. Nguzo nzuri haziachwi. Bhoke alikuwa amekaa kando ya kaburi la baba yao, amefunga khanga mbili, na mapajani amepakata jiwe la kusagia la mama yao, lile la juu, lililochongeka katikati kwa mikono ya wanawake watatu. Tomaso alimsalimu. Akaitika, akauliza habari za Tarime, za kivuko, za mbwa wa Ringwani. Tomaso alikuwa amejitayarisha kwa kilio na kwa matusi. Hakujitayarisha kwa habari za mbwa.

"Dada," akasema mwishowe, "siku ile sikupita nyuma."

"Ninajua. Vigingi vina macho." Alinyanyuka na jiwe lake. "Nataka unipitishe huko. Kabla sijatoka, nataka niizunguke Matare upande wake wa kweli. Sisi wanawake tuliwapikia ninyi mlipokuwa mkizunguka, hatukuzunguka. Leo sina wa kumpikia."

Tomaso alimwambia kwamba kibali ni cha mtu mmoja. Bhoke akajibu kwamba kibali ni cha kuhamisha mali, na kwamba yeye tangu asubuhi amekuwa mali. Akapanda keria, miguu upande mmoja, mkono mmoja umemshika ndugu yake kiunoni na wa pili umekumbatia jiwe. Hakuwahi kupanda pikipiki maishani. Walipoondoka alishusha pumzi ndefu tu.

Wakaizunguka Matare. Kwenye mawe yale ya mviringo Tomaso aliingia kwa gia ya kwanza, kama siku ile. Tairi likateleza, likarudi. Likateleza tena. Safari hii hakusimama, na hatua kama thelathini mbele pikipiki ililala ubavu, polepole, karibu kwa adabu, ikawamwaga wote wawili juu ya changarawe. Injini ikakohoa, ikazima. Gurudumu la nyuma likaendelea kuzunguka kidogo, kisha likatulia.

Bhoke alikuwa ameketi, jiwe bado kifuani. Alijipapasa viwiko. Kisha akalitazama goti la Tomaso: suruali imechanika, ngozi imechubuka kiasi cha kiganja cha mtoto, damu kidogo imechanganyika na vumbi. Alilitazama kama mtu anayesoma.

"Ni hili tu?"

"Ni hili, dada."

"Hili tu, Tomaso?" Hakupaza sauti. "Ungeanguka. Ningekupaka maziwa hapo gotini. Mzungu angecheka siku moja."

Tomaso alifungua kinywa. Kinywa chake tangu utotoni kilikuwa na kitu cha kusema. Jeshini kilimwokoa na viboko, bomani kilimwokoa na makarani, barazani kilimwokoa na Nyamhanga. Alingoja kimpe neno. Nzi alitua kwenye damu, akaruka.

Bhoke hakumngoja. Alimwambia wainyanyue, jua linakwenda na yule askari wao ana saa. Wakaishika, yeye keria na ndugu yake usukani, wakaisimamisha. Mafuta kidogo yalikuwa yamemwagika kwenye mawe. Alipokuwa akijiweka sawa apande tena, Bhoke alijishika kichwani, akaona khanga ya juu haipo. Ilikuwa imenaswa kwenye mwiba nyuma, hatua arobaini hivi, mahali walipokwisha kupita, ikipepea.

"Iache," akasema. "Anayezunguka harudi."

Tomaso aliegemeza pikipiki kwenye jiwe, akarudi. Alichechemea hatua zote arobaini juu ya maboga yale ya mawe, akaitoa khanga mwibani taratibu isichanike, akaikung'uta, akachechemea tena mpaka alipo dada yake. Ardhi haikupasuka. Hakuna kilichotokea kabisa. Kurudi kulikuwa hatua arobaini za kwenda na arobaini za kuja.

Bhoke aliipokea khanga bila kumtazama, akajitanda, akapanda keria, akalipakata jiwe lake. Mkono wake haukurudi kiunoni mara moja. Ulikawia kidogo, kisha ukarudi.